Uzi: Richard J. Daley, meya wa Chicago kwa miaka 21. Nguvu zake zilitoka kwenye kiti kipi?

#1 Mwanzisha uzi (Mabatini, Mwanza)

Wanajamvi, salaam.

Wiki iliyopita tulikuwa Mwaloni Kirumba tukisubiri magunia ya dagaa yapakiwe, ukazuka ubishi ambao haukwisha hata lori lilipoondoka. Kijana mmoja alisema kwamba Mwanza ingekuwa mbali sana kama ingepata meya mmoja hodari akakaa madarakani miaka ishirini, na akatoa mfano wa Chicago, mji ulio ufukweni mwa ziwa kama wetu, chini ya meya Daley. Habari za mtu huyo nimezifuatilia kwa muda mrefu, na nimeona afadhali niziandike hapa kwa kirefu, kwa sababu mfano wenyewe ni mzuri lakini kijana yule aliushika mkiani.

Nieleze kwanza kwa nini jambo hili linanigusa. Nilikuwa balozi wa nyumba kumi hapa Mabatini kwa miaka saba. Nilijua nani anaumwa, nani amefiwa, mtoto wa nani amemaliza shule na hana kazi, na ni nyumba zipi maji ya Mto Mirongo huingia kwanza mvua ikinyesha. Nilipoanza kusoma habari za Daley niligundua kwamba kazi ile niliyokuwa nikiifanya kwa daftari la kurasa mia ndiyo ilikuwa msingi wa ufalme wake wote.

Richard Joseph Daley alizaliwa tarehe 15 Mei 1902 katika mtaa wa Bridgeport, kusini mwa Chicago, akiwa mtoto pekee wa fundi wa mabati mwenye asili ya Ireland. Mtaa huo ulikuwa jirani na mazizi makubwa ya Union Stock Yards, ambako mifugo ililetwa kwa treni kutoka majimbo ya mbali ili ichinjwe, na harufu yake ilifika majumbani mwa watu usiku na mchana. Sisi Wasukuma tuliokulia kwenye minada ya ng'ombe tunaweza kuielewa picha hiyo bila kuelezwa sana. Kijana Daley alifanya kazi huko huko mazizini, akiswaga mifugo asubuhi na kushika kalamu ya ukarani saa zilizobaki, na jioni akaenda kusoma sheria katika Chuo Kikuu cha DePaul. Masomo hayo ya jioni yalimchukua miaka mingi, na alipohitimu mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa amevuka umri wa miaka thelathini.

Kuna jambo moja la ujana wake ambalo halipaswi kurukwa. Tarehe 27 Julai 1919, kijana mweusi aliyeitwa Eugene Williams alikuwa akielea majini katika Ziwa Michigan, akasogea upande wa ufukwe ambao wazungu waliuona kuwa wao, akarushiwa mawe na kufa maji. Ghasia zilizofuata ziliua watu 38, weusi 23 na weupe 15. Klabu ya vijana wa Bridgeport iliyoitwa Hamburg ilitajwa miongoni mwa makundi yaliyoshiriki katika mashambulizi. Daley alikuwa na umri wa miaka 17 na alikuwa mwanachama. Mwaka 1924 alichaguliwa kuwa mwenyekiti wake, na akashika nafasi hiyo kwa takribani miaka kumi na mitano. Hata alipokuwa meya hakuwahi kueleza hadharani alikuwa wapi siku zile.

Safari yake ya siasa ilikwenda polepole. Mwaka 1936 aliingia katika bunge la jimbo la Illinois kwa njia ya ajabu kidogo: mgombea wa chama cha Republican alifariki uchaguzi ukiwa umekaribia, wapiga kura wakaliandika jina la Daley kwa mkono katika nafasi ya marehemu, naye alipoapishwa akahamia upande wa Democratic, chama chake cha tangu awali. Akawa seneta wa jimbo, mwaka 1946 akashindwa ugombea wa usherifu wa wilaya ya Cook, ambamo mji wa Chicago umo (hiyo ndiyo mara pekee aliyowahi kushindwa kwa kura), mwaka 1949 akawa mkurugenzi wa mapato wa jimbo chini ya gavana Adlai Stevenson, na mwaka 1950 akachaguliwa karani wa wilaya. Kote alikopita alijifunza bajeti, na watu waliofanya naye kazi walishangaa jinsi alivyokumbuka tarakimu.

Mwaka 1953 alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa chama cha Democratic katika wilaya ya Cook, na mwaka 1955 akamshinda meya aliyekuwepo, Martin Kennelly, ndani ya chama, kisha akamshinda Robert Merriam katika uchaguzi mkuu. Wakati wa kampeni aliahidi kwamba akishinda umeya ataachia uenyekiti. Hakuuachia. Alivikalia viti vyote viwili hadi siku aliyokufa, tarehe 20 Desemba 1976, baada ya kushinda uchaguzi wa umeya mara sita: 1955, 1959, 1963, 1967, 1971 na 1975.

Hapo ndipo kijana wa Mwaloni aliposhika mkia akadhani ni kichwa. Kisheria meya wa Chicago ni dhaifu. Mji una kata 50, kila kata ina diwani wake, na sheria imeweka mamlaka makubwa mikononi mwa baraza la madiwani. Kilichomfanya Daley aogopwe na madiwani ni kile kiti cha pili, kwa sababu mwenyekiti wa chama ndiye aliyeamua jina la nani lipendekezwe kugombea na jina la nani lisahauliwe.

Chini ya kiti hicho ulikuwepo mtandao ambao wenyeji waliuita "mashine". Kila kata ilikuwa na kiongozi wake wa chama, na chini yake mabalozi, kila mmoja akihudumia mamia ya wapiga kura katika eneo dogo. Balozi wa Chicago aligonga milango kama nilivyokuwa nikigonga mimi. Mama aliyekosa pipa la taka alimwendea balozi, na mzee ambaye taa ya mtaani kwake ilikuwa imezimika, au ambaye kijana wake alitaka kazi ya kufagia barabara, alimwendea huyo huyo. Siku ya uchaguzi balozi alijua idadi ya kura zake kabla hazijahesabiwa. Tofauti kati yangu na yeye ni kwamba yeye aliajiriwa na mji, na kura zikipungua mwezi huu, mwezi ujao angeweza kukosa mshahara. Ajira za namna hiyo zilikuwa makumi ya maelfu, na inaelezwa na waliomjua Daley kwamba hata nafasi ndogo sana zilipita mezani kwake.

Nitaendelea. Wenye maswali waulize.

#2 Mchangiaji (Nyakato)

Shikamoo mzee. Nimesoma kwa makini na ninakushukuru. Hata hivyo naona umetueleza namna alivyopata kura, wakati hoja ya yule kijana ilikuwa matokeo. Mwananchi anataka barabara, maji na taa. Kama mashine ilileta barabara, je, tuna haja gani ya kuichunguza ilivyoendeshwa?

#3 Mwanzisha uzi

Marahaba mwanangu. Swali lako ni la haki na nitalijibu bila kulizunguka.

Barabara zilikuja. Katika miaka yake Chicago ilijengewa barabara kuu za kasi zilizounganisha kati ya mji na vitongoji, maji na zimamoto vilifanya kazi, taka zilizolewa, theluji iliondolewa, na sifa ya "mji unaofanya kazi" ikaenea Marekani yote. Uwanja wa ndege wa O'Hare, uliozinduliwa na Rais Kennedy mwaka 1963, ni kazi ninayoiheshimu zaidi, na sababu ni jinsi ulivyolipiwa. Badala ya kuutwisha mzigo wote kwa mlipa kodi wa mji, Daley alikubaliana na mashirika ya ndege kwamba ada zao za kutua ndizo zitakazodhamini hati za mkopo wa ujenzi. Uwanja ulikuwa nje ya mpaka wa mji, kwa hiyo mji ukatwaa ukanda mwembamba wa ardhi kando ya barabara ili uwanja na mji viwe kitu kimoja kisheria. O'Hare ukawa uwanja wenye shughuli nyingi kuliko yote duniani kwa miaka mingi. Huo ni utawala wa mtu anayejua hesabu.

Alijua pia mahali madiwani walipokuwa wakila. Kabla yake, aliyetaka kibali cha kukata ukingo wa barabara ili gari liingie kwake alipitia kwa diwani, na wapo madiwani waliokigeuza kibali hicho kuwa mradi. Daley aliwanyang'anya. Aliwanyang'anya pia uandaaji wa bajeti, akauhamishia ofisini kwake. Ilipogundulika mwaka 1960 kwamba polisi wa kituo cha Summerdale walikuwa wakishirikiana na mwizi kuvunja maduka, alimleta profesa kutoka California, O. W. Wilson, akamkabidhi jeshi la polisi alisafishe.

Lakini hebu tutazame barabara hizo zilipita wapi. Barabara ya Dan Ryan iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 inakwenda kusini, upande mmoja ikiwa Bridgeport, nyumbani kwa meya, na upande wa pili mitaa ya watu weusi. Mashariki mwake ikajengwa Robert Taylor Homes, makazi ya umma yenye majengo 28, kila moja likiwa na ghorofa 16, yakiwa yamepangwa kwa mstari mrefu, yakakamilika mwaka 1962. Maelfu ya familia, karibu zote za watu weusi, ziliwekwa humo. Lifti zikaharibika, kazi zikawa mbali, na kizazi kizima kikalelewa juu ya zege. Ni kweli kwamba ukomo wa gharama uliowekwa na serikali kuu kwa kila nyumba ulisukuma ujenzi uende juu, na hilo haliwezi kuwekwa shingoni mwa Daley peke yake. Uchaguzi wa mahali, hata hivyo, ulikuwa wa baraza la madiwani, na madiwani wa kata za wazungu walikataa makazi hayo yasijengwe kwao.

Jina la majengo hayo hunisikitisha kila ninapolifikiria. Robert Taylor alikuwa mwenyekiti mweusi wa mamlaka ya nyumba ya Chicago, aliyejiuzulu mwaka 1950 kwa sababu baraza lilikataa kusambaza makazi ya umma katika mitaa yote. Alikufa mwaka 1957. Wakalichukua jina lake na kulibandika juu ya kitu kile kile alichokipinga. Mwaka 1969 mahakama ya shirikisho, katika kesi iliyofunguliwa na wapangaji, iliamua kwamba upangaji wa makazi hayo ulikuwa wa ubaguzi wa rangi. Jengo la mwisho lilibomolewa mwaka 2007.

Pale palipojengwa kampasi ya Chuo Kikuu cha Illinois, iliyofunguliwa mwaka 1965, walikuwepo watu pia, wengi wao wakiwa wenye asili ya Italia. Mama mmoja, Florence Scala, aliwaongoza majirani kwenda kukaa ofisini kwa meya wakipinga, wakapeleka shauri hadi Mahakama Kuu ya nchi, na wakashindwa. Majengo ya Hull House, nyumba ya huduma kwa maskini iliyoanzishwa na Jane Addams mwaka 1889, yalibomolewa yakabaki mawili. Jambo linaloniuma ni kwamba watu wale walikuwa wapiga kura wake waaminifu. Balozi wao aliwajua kwa majina, na siku ya tingatinga kujulikana kwa majina hakukuwasaidia kitu.

Kwa hiyo mwanangu, tuna haja ya kuichunguza kwa sababu mashine iliyoleta barabara ndiyo hiyo hiyo iliyoamua barabara ipite juu ya nani.

#4 Mchangiaji (Igogo)

Mkuu, nami nina hoja. Umemtaja Daley bila kutaja mwaka 1968, na huo ndio mwaka ambao dunia inamkumbuka kwao.

#5 Mwanzisha uzi

Ni kweli ndugu yangu, na lazima tuanzie miaka miwili nyuma.

Mwaka 1966 Dkt. Martin Luther King alihamia katika nyumba ya kupanga upande wa magharibi wa Chicago ili aonyeshe hali ya makazi ya watu weusi huko kaskazini. Daley hakumkamata wala kumtukana, kama walivyofanya watawala wa kusini. Alimpokea, akamweleza miradi ya mji, akamwahidi mengi. Mwezi Agosti King alipigwa jiwe kichwani akiandamana katika eneo la Marquette Park, na tarehe 26 mwezi huo wakasaini makubaliano ya kufungua soko la nyumba kwa watu wote. Makubaliano yalikuwa na maneno mazuri na hayakuwa na nguvu ya kuyatekeleza. Kwa maoni yangu huo ndio ushindi mchungu kuliko wote alioupata Daley, kwa kuwa alimshinda mtu mwenye haki kwa adabu na chai.

Hapa ieleweke pia hesabu ya kura. Mwaka 1963 mpinzani wake Benjamin Adamowski alizoa kura nyingi za wazungu, na Daley aliokolewa na kata za watu weusi zilizoongozwa na mbunge William Dawson. Mtu angetarajia awalipe fadhila. Yeye aliona kwamba kura za weusi tayari anazo, na zinazomponyoka ni za weupe, akawageukia hao.

King alipouawa tarehe 4 Aprili 1968, upande wa magharibi wa Chicago uliwaka moto. Siku chache baadaye Daley alitangaza mbele ya waandishi kwamba alikuwa amemwagiza mkuu wa polisi kuwapiga risasi za kuua wachomaji moto, na kuwapiga risasi za kuwalemaza waporaji. Mwezi Agosti ukafanyika mkutano mkuu wa Democratic mjini mwake, vijana wakaja kupinga vita vya Vietnam, mji ukawanyima vibali, na usiku wa tarehe 28 polisi wakawapiga kwa virungu mbele ya hoteli ya Conrad Hilton, kamera za televisheni zikitazama. Tume iliyochunguza ilisema kwamba polisi ndio waliofanya ghasia. Wapiga kura wa Chicago walimrudisha madarakani mwaka 1971 kwa kishindo. Chama chake chenyewe kitaifa ndicho kilichomwadhibu: mwaka 1972, kwenye mkutano mkuu wa Miami, ujumbe wake ulinyimwa viti, vikapewa kundi la diwani William Singer na mchungaji Jesse Jackson.

#6 Mchangiaji (Nyakato)

Mzee wangu, nimekuelewa. Nina la mwisho: je, meya wetu hapa angeweza kufanya hata robo ya hayo, mazuri au mabaya?

#7 Mwanzisha uzi

Kwa utaratibu wetu, hapana. Meya wa jiji huchaguliwa na madiwani wenzake, wala si na wananchi moja kwa moja. Mkurugenzi, ambaye ndiye mtendaji mkuu wa halmashauri, huteuliwa na Rais. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, barabara kuu chini ya TANROADS, maji chini ya MWAUWASA, na tangu mwaka 2012 hata mji wenyewe umegawanyika kati ya Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela. Niliwahi kuandika barua juu ya mtaro unaomwaga maji majumbani mwa watu wangu, ikapita ofisi tatu, na kila ofisi ikanielekeza kwa nyingine. Nilichoka, sikatai. Siku ile nami nilitamani Daley mmoja.

Lakini hata Chicago, ukikitenga kiti cha chama, meya hubaki na mikono mitupu. Harold Washington, mtu mweusi wa kwanza kuwa meya wa mji huo, alishinda mwaka 1983 bila mashine, na madiwani 29 kati ya 50 wakaungana kumzuia. Uteuzi wake ulikwama barazani kwa miaka mitatu, hadi mahakama ilipoamuru mipaka ya kata ichorwe upya na uchaguzi maalumu ukafanyika katika kata saba mwaka 1986. Alikuwa meya yule yule kisheria, mwenye ofisi ile ile.

Nimalizie na mwisho wa Daley mwenyewe. Mwaka 1974 alipatwa na kiharusi akakaa nje ya kazi kwa miezi. Mwaka huo huo diwani Thomas Keane, mkono wake wa kulia barazani, alitiwa hatiani kwa ulaghai, na msemaji wake Earl Bush vilevile. Yeye hakuwahi kushtakiwa, na aliendelea kuishi katika nyumba yake ya kawaida ya matofali pale Bridgeport. Tarehe 20 Desemba 1976 alihudhuria kifungua kinywa cha Krismasi na wakuu wa idara zake, akaenda kusini mashariki mwa mji kuzindua ukumbi wa michezo, akarusha mpira wa kikapu ukaingia. Mchana alikwenda kwa daktari wake akilalamika kifua, akaanguka huko huko na kufa. Alikuwa na miaka 74.

Mwenyekiti wa muda wa baraza la madiwani alikuwa Wilson Frost, diwani mweusi, naye akatangaza kwamba kwa nafasi yake ndiye kaimu meya. Alipotaka kuingia katika ofisi ya meya aliambiwa kwamba funguo hazionekani. Siku nane baada ya kifo, baraza likamchagua Michael Bilandic, diwani wa kata ya 11, kata ya Bridgeport.